Reli Iliyolala: Mwongozo wa Kuifuata Njia ya Voi–Taveta

Anayekwenda kutazama reli ya zamani kwa mara ya kwanza huenda akitafuta chuma. Asipokiona anarudi nyumbani na kuwaambia wenzake kwamba huko hapana kitu. Kumbe chuma ndicho cha kwanza kuondoka, kwa sababu kinauzika. Udongo hauna mnunuzi. Tuta walilolirundika vibarua, mfereji waliouchimba kando yake na kalvati waliyoipitisha chini ya vyote viwili hubaki pale pale hata miaka mia baadaye. Ukijua kusoma udongo, utaifuata reli hata mahali ambapo hakuna msumari uliosalia.

Nimechagua tawi la Voi–Taveta kwa sababu lina kila kitu: shamba la mkonge, vilima, mbuga yenye simba, makaburi ya vita na mpaka wa nchi mbili. Njia za kuisoma ni zile zile utakazotumia Gilgil–Nyahururu, Rongai–Solai, au kule kusini mwa Tanzania kwenye tuta la Mtwara–Nachingwea lililojengwa kwa ajili ya karanga.

Kwanza ujue kwa nini ilijengwa

Usiliruke jambo hili ukadhani ni historia ya kupamba safari. Sababu ya kujengwa reli ndiyo inayokueleza uitafute wapi.

Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta. Kutoka huko vikundi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika usiku na kuilipua reli kuu ya Mombasa. Waingereza walitaka kuwarudisha nyuma, lakini kati ya Voi na Taveta palikuwa na ukame mtupu, na jeshi halipigani bila maji. Mwanzoni mwa 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na vikosi vya reli vilivyoletwa kutoka India. Juni mwaka huo reli ilikuwa imefika Maktau, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura. Julai walishindwa vita vya Mbuyuni, na reli ikasimama. Februari 1916 walishindwa tena kwenye kilima cha Salaita. Mwezi wa Machi Taveta ikachukuliwa, vikapiganwa vita vya Latema na Reata, na reli ikasukumwa hadi ikaungana na ile ya Wajerumani iliyokuwa imefika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911. Ziliungana bila tabu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja.

Sasa uone faida yake. Hii ni reli iliyotandikwa kwa haraka, adui akiwa mbele. Mhandisi wa vita hapotezi miezi sita kukata kilima akiweza kukizunguka. Kwa hiyo usitafute madaraja marefu wala njia zilizotobolewa ndani ya milima. Tafuta matuta ya chini na mikondo mipana inayozunguka miinuko. Kumbuka pia kwamba ilifuata maji, na ndiyo maana kutoka Mwatate hadi Bura imejibanza karibu na vilima vya Taita.

Ramani, kabla ya viatu

Anza na ramani za Idara ya Upimaji ya Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja. Reli imechorwa humo na stesheni zake, na mistari ya miinuko itakuonyesha ni kwa nini njia imepinda pale ilipopinda. Weka kando yake picha za setilaiti kwenye kompyuta, ukichagua zilizopigwa wakati wa kiangazi.

Kwenye picha hizo utaona mistari mingi: barabara, njia za ng'ombe, mipaka ya mashamba, nyaya za umeme. Ya reli utaitambua kwa mwendo wake. Barabara ikitaka kupinda hupinda, na nyaya za umeme hupinda kwa pembe kali kama kiwiko. Treni haiwezi lolote kati ya hayo. Mstari wake hupinda polepole, kama kamba iliyotupwa chini, na ukipinda unaendelea kupinda kwa mita mia kadhaa kabla ya kunyooka tena.

Alama ya pili ni miti. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka mlimani hukutana na tuta na kusimama, kwa hiyo upande wa mlimani migunga huota minene kuliko upande wa pili. Ukiona kipindi cha ukame mstari wa kijani usiofuata korongo lolote, utilie shaka.

Chora mstari wako kwenye simu, kwa programu inayofanya kazi bila mtandao, maana kuna sehemu utakazokaa nusu siku bila kuona hata nukta moja ya mtandao. Tia alama mahali reli inapokutana na barabara, inapovuka makorongo, na kwenye stesheni: Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, Taveta, kisha Kahe upande wa Tanzania. Halafu uchore kwa rangi nyekundu mpaka wa hifadhi. Mstari huo mwekundu ni muhimu kuliko yote mengine.

Kama uko Nairobi, pitia Makumbusho ya Reli kabla ya kuondoka. Utashika kwa mkono vitu ambavyo porini utavikuta vimekatika nusu: mataruma ya chuma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuibeba, vishikizo vyake, taa za ishara, vibao vya majina. Aliyewahi kuona kitu kizima hukitambua hata kikiwa kipande.

Ruhusa

Reli iliyolala ina mwenyewe. Ardhi ya njia, majengo ya stesheni na chuma chochote kilichobaki ni mali ya Shirika la Reli la Kenya, na kuchukua hata kishikizo kimoja kama kumbukumbu ni wizi. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake tangu 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kabisa kwa miezi kadhaa baada ya mitambo ya umma kuharibiwa. Tangu hapo, mgeni mwenye mkoba mzito anayezubaa kandokando ya reli huulizwa maswali. Nenda na mkoba mwepesi, na majibu yako yawe tayari.

Ukifika kila eneo, anza kwa chifu au mzee wa mtaa. Dakika kumi kwa chifu zitakuokolea saa tatu mbele, na mara nyingi yeye ndiye atakayekutafutia kijana wa kukusindikiza. Mashamba ya mkonge ya Mwatate ni ya watu binafsi, kwa hiyo omba ruhusa getini. Kuanzia Maktau kuelekea Mbuyuni njia inaingia Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na hapo neno ni la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kandokando yake kuna hifadhi za jamii kama Lumo, nazo zina askari wao na ada zao.

Sehemu ya hifadhi usiitembee kwa miguu, hata ukiambiwa na nani. Ipite kwa gari kwenye barabara kuu, ukisimama pale tu unaporuhusiwa, au ulipie askari wa wanyamapori mwenye silaha akufuate. Tsavo ni Tsavo.

Vya kubeba, na saa ya kuondoka

Maji lita nne kwa kila mtu kwa siku, na usihesabu utakayoyakuta njiani. Suruali ndefu ya kitambaa kigumu, maana migunga haina huruma, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Chukua tepu ya kupimia, burashi ngumu kama ile ya kufulia, vipande vya chaki, daftari, penseli, na tochi ya kumulikia ndani ya kalvati. Fimbo ndefu utaishukuru.

Nenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika ikianza udongo mwekundu unageuka sabuni na nyasi zinafunika kila kitu.

Kuhusu saa, nitapingana na wanaokuambia uanze alfajiri. Taita Taveta ni nchi ya ndovu. Usiku huingia mashambani, na alfajiri ndipo wanaporudi porini, mara nyingi kwa kufuata njia zilizo wazi, na tuta la reli ni njia iliyo wazi. Ngoja saa moja asubuhi ipite. Kunywa chai kwanza, sikiliza wenyeji wanasemaje kuhusu usiku uliopita, kisha ondoka. Saa tano uwe kivulini. Rudi kazini saa tisa, na saa kumi na moja jioni uwe umekwisha kufika kwenye nyumba za watu.

Kuisoma njia kwa miguu

Anzia Voi. Ukija kwa treni mpya kutoka Mombasa au Nairobi utapata funzo la bure, kwa kuwa reli hiyo iliyoanza kubeba abiria 2017 ina upana wa milimita 1,435, na ile ya zamani ya mjini ni milimita 1,000. Zitazame zote mbili siku moja na jicho lako halitasahau. Kutoka Voi pia unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni.

Kipande cha Voi hadi Mwatate, kama kilomita 25, ndicho cha kujifunzia. Barabara ya lami haiko mbali, matatu na boda boda zinapita, na ukichoka unaondoka. Usijaribu kukimaliza kwa siku moja. Kilomita nane za kutazama kwa makini zinatosha.

Jambo la kwanza, jifunze tofauti ya tuta na njia ya ng'ombe. Mimi ilinigharimu kilomita tatu. Nilikuwa kwenye tuta zuri, nikafika kwenye shimo walipochota udongo wa kujengea barabara, na ng'ambo ya shimo nikaona njia pana, imenyooka, nikaifuata kwa furaha. Nilishtuka nilipojikuta nahema. Reli haikuchoshi hivyo! Ng'ombe hupanda na kushuka na ardhi, treni haiwezi. Palipo na bonde tuta linainuka kulijaza, palipo na kinundu cha udongo njia inakikata katikati. Ukiona pumzi yako imebadilika, umeipoteza reli. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika, simama, tazama mbele bila kushusha macho.

Jambo la pili, fuata maji. Kila korongo, hata dogo la hatua mbili, lilihitaji kupitishwa chini ya reli, la sivyo mvua moja ingebeba tuta. Kwa hiyo tuta likipotea vichakani, shuka hadi korongo lililo karibu na ulifuate likupeleke kwenye kalvati au kidaraja. Hizo ndizo nanga zako. Pima upana wa mdomo, tazama kama ni jiwe lililochongwa, zege au bomba la chuma, na uangalie kama kuna mwaka ulioandikwa juu. Kabla ya kuinama, piga fimbo kwenye ukingo na usubiri. Ndani hukaa nyuki, na kivulini hujilaza kifutu, nyoka ambaye hasogei hata umkaribie. Mlio wa nyuki ukiusikia, kalvati hiyo iandike kutoka mbali na uende zako.

Jambo la tatu ni chuma chenyewe, ukikipata. Reli ina kichwa, shingo na kitako. Kwenye shingo, upande mmoja, kiwanda huacha maandishi yaliyoinuka kidogo: jina, mwaka, na uzito. Sugua kutu kwa burashi, kisha pitisha chaki ikiwa imelala, na herufi zitajitokeza kama uso unaotoka majini. Uzito ukiandikwa kwa ratili kwa yadi, gawa kwa mbili upate kilo kwa mita, kwa makadirio. Reli ya ratili 50, kama zile zilizotandikwa kwanza kutoka Mombasa, ni kama kilo 25 kwa kila mita.

Usije ukasoma mwaka huo ukatangaza kwamba umegundua reli ya zamani kuliko vita. Matawi mara nyingi yalirithi chuma kutoka reli kuu, pale ilipobadilishiwa chuma kizito zaidi. Mwaka wa chuma si mwaka wa njia. Kosa hili nimelisikia hata kwa watu wenye vyeti.

Mataruma ya chuma yana umbo la hori lililofudikizwa, ncha zake zikikunjwa kwenda chini ili zishike kokoto. Umbo hilo linafaa kwa mambo mengi, na ndiyo maana utalikuta kwenye maisha ya watu kabla ya kulikuta kwenye reli: daraja la kuvukia mtaro, nguzo ya zizi, kizingiti cha choo. Kipande cha reli chenyewe utakikuta kimening'inizwa kwenye mti shuleni. Simama saa nne, wakati wa mapumziko. Mtoto aliyepewa zamu anakuja mbio na nondo fupi, anapiga mara tatu, na chuma kinalia kwa sauti kali inayokwenda mbali kuliko kengele ya kununua. Mahali palipopigwa pamelainika na kung'aa kama sahani, kwingine kote ni kutu.

Kwa wazee

Salimu kwanza, kaa, ndipo uulize. Na usiulize reli ilipita wapi. Swali hilo hujibiwa kwa mkono unaonyooshwa kuelekea upande wa Moshi, basi. Uliza mambo ya mwili: mlipanda na mizigo gani? Nyapara alikuwa anakaa wapi? Maji ya kambi ya genge la vibarua yalitoka wapi? Watoto mlikuwa mnacheza wapi treni ikipita? Majibu yake yana mahali ndani yake.

Karibu na Bura nilimkuta mzee kwenye benchi nje ya duka, nikamwamkia, nikaanza kwa lile lile swali baya.

"Shikamoo mzee. Naitafuta reli ya zamani."

"Marahaba. Unaitafuta tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mzee."

Akanitazama viatu, akatazama benchi. "Basi pumzika kidogo, kijana. Umeikalia."

Nikainama kutazama chini yangu. Taruma mbili za chuma juu ya mawe, na matundu ya vishikizo bado yapo. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanipeleka mwenyewe hadi kwenye tuta, mita mia mbili nyuma ya duka, mahali nilipopita asubuhi nikidhani ni kingo za shamba.

Stesheni, na vita vilivyo chini ya nyasi

Stesheni hata ikibomolewa haijifichi. Ardhi inapanuka ghafla na kuwa tambarare kuliko inavyostahili, kwa kuwa palihitajika njia ya pili ya treni kupishana. Tafuta ukingo wa jukwaa, msingi wa tangi la maji, miti ya kivuli iliyopandwa kwa mstari, na nyuma kidogo, safu ya vyumba vidogo vya wafanyakazi. Kama watu wanaishi humo, ni nyumba yao. Bisha hodi, na usipige picha za madirisha.

Maktau ndiyo stesheni ya kuipa siku nzima. Hapa reli ilikomea kwa miezi na jeshi zima likakaa kambini. Kuna makaburi ya askari wa Kihindi yanayotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kama yalivyo mengine Voi na Taveta. Ingia kwa heshima, vua kofia, tia sahihi kwenye kitabu cha wageni ukikikuta. Nje yake, katika vichaka, kuna mahandaki yaliyojaa udongo nusu, na ardhini makopo yenye kutu na vipande vya chupa.

Usiokote chochote hapo. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inavilinda vitu vya aina hiyo, lakini sababu yangu ya kwanza ni nyingine: risasi na makombora ya 1915 hayana tarehe ya kuisha. Ukiona kitu cha mviringo kilichochongoka usikiguse, usikisugue kwa ile burashi yako. Weka alama kwa mbali, kapige ripoti polisi. Onyo hili linaendelea hadi Salaita.

Kuandika ulichokiona

Kila kitu kipige picha mbili, moja ya karibu ukiweka tepu kando yake, nyingine ya mbali ikionyesha mlima au mti utakaomrudisha mtu hapo. Andika mahali, tarehe, vipimo, na nani alikuambia nini, kama amekubali. Kwenye ramani huria za mtandaoni, tofautisha reli iliyoachwa na chuma chake na ile iliyong'olewa ikabaki tuta, kwani zina alama tofauti na wachoraji wengi wanazichanganya. Mahali pa masalia ya vita usipaweke hadharani kwa usahihi wa mita. Wanaosoma si wapenda historia pekee.

Taveta hadi Kahe

Taveta utaifurahia, hasa siku ya soko. Ila kichaka cha mathenge kimemeza sehemu kubwa ya ardhi tambarare za huku, na miiba yake hutoboa hata tairi. Usijilazimishe kupita ndani yake. Tafuta mahali reli inapokutana na njia za mashamba, uyaunge kwa penseli.

Mpaka usiuvuke kwa kufuata tuta, hata kama hakuna anayekuona. Pitia kituo cha Holili, ugongewe muhuri, upande gari, uikamate njia tena upande wa pili hadi Kahe inapoungana na reli ya Tanga.

Kahe ni mahali pa kubadilisha tabia. Umekuwa wiki nzima ukitembea juu ya reli bila wasiwasi, na mguu umezoea. Lakini reli ya Tanga ilifufuliwa: treni za mizigo zilirudi Moshi mwaka 2019, na za abiria kutoka Dar es Salaam zikafuata mwishoni mwa mwaka huo huo. Kabla ya kukanyaga, tazama kichwa cha reli. Kikiwa na kutu ya kahawia sawasawa kote, bado uko kwenye tawi lako. Kikiwa kinang'aa kama kisu, shuka pembeni.